Athari Moja

Muhula wa tano, somo la Uchambuzi wa Mifumo,
Daktari Venugopal akatwambia: tafuteni ofisi,
yoyote ile, muichore. Viboksi na mishale.
Wenzangu wakaenda benki, wengine hospitali ya Nizwa,
Ruqayya akachukua duka la matairi la mjomba wake.
Mimi nikarudi kijijini, nje ya Izki,
kwa wakili wa falaji.

Si wakili wa mahakama. Huyu hugawa maji.
Falaji inatoka chini ya jabali, inapita msikitini,
halafu kila mtu na zamu yake, usiku na mchana,
na kipimo chake ni athari: nusu saa.
Nilicheka peke yangu. Nyumbani kwetu athari
ni kile kinachobaki mtu akishapita.

Wakili Muhanna akanifungulia daftari.
Karatasi zimepiga rangi ya chai,
wino wa zambarau, wino wa bluu, mwisho biro ya benki.
Nikahesabu: safu sita, wamiliki mia na kumi na wanne,
wa usiku kila mmoja na nyota yake,
maana zamani saa ilikuwa juu.
Nikaandika kwenye laptopu: jedwali la WATU,
jedwali la ZAMU, ufunguo wa kuyaunganisha.
Mambo yakanyooka. Nikajiona fundi.

Mpaka mstari wa themanini na moja.
Zahran bin Suleyum, athari moja, usiku wa Jumatano,
Thuraya ikifika juu ya mnara.
Pembeni, kwa mwandiko wa wakili wa kwanza: amesafiri, Sawahil.
Wakili aliyemfuata akanakili. Wa tatu pia.
Hana mtoto, hana mrithi, hana hati ya kuuza.
"Na maji yake?"
"Hunadiwa. Pesa huingia mfuko wa falaji.
Lakini jina halifutwi. Hakuna aliyekuja kusema amekufa."

Daktari Venugopal akauzungushia wino mwekundu:
rekodi yatima. Haiungani na kitu. Futa.
Na yeye mwenyewe alitufundisha, wiki ya tatu,
kwamba tupu si sifuri,
tupu ni mfumo unasema: sijui.

Usiku ule nikamsomea bibi, kwa kumtania,
yeye anachambua mchele, televisheni inapiga kelele.
"Zahran? Zahran wa Wete? Wa duka la pembeni?
Bahili yule! Akipima sukari, kidole kimo mizanini.
Baba alikufa ana deni lake la pishi tatu."
Akaacha mchele.
"Sisi watoto tukimcheka. Usiku wa Jumatano
hutoka barazani na kanzu yake ya kulalia,
akaitafuta Kilimia, mkono hivi, juu ya jicho,
akauambia ukuta: Haya, sasa ni yangu.
Akakaa. Nusu saa hivi.
Halafu akaingia ndani, akatia komeo."

Kilimia ndiyo Thuraya. Nilikuwa sijui.

Safu ya tarehe ya kufa nimeiacha tupu:
bibi anaikumbuka mvua ya mwaka ule, haukumbuki mwaka.
Nikaongeza safu moja, MAELEZO, nikayatia yote,
sukari, kidole, kanzu, ukuta.
Nikapata B, na maneno pembeni: safu hii inavunja kanuni.
Kweli inavunja.

Jumatano iliyofuata nikashuka mashambani, saa nane kasoro za usiku.
Simu ikalia, kengele niliyoitega mwenyewe;
juu kulikuwa na mawingu.
Rafiq, kibarua wa Chittagong, akaondoa jiwe na matambara
kwenye mlango wa mfereji,
maji yakageuka kwenda kwa aliyeshinda mnada,
kwenye migomba yake na majani ya ng'ombe.
Nikakaa ukingoni, miguu ndani. Baridi.
Dakika thelathini. Sikuwaza jambo kubwa,
niliuwaza mtihani wa Jumapili.
Halafu Rafiq akarudisha jiwe.